Kwa vijana wapimao mikondo: tazameni hewa itokako

Wanangu,

Nimesoma ripoti zenu. Karibu zote zinataja mahali mtiririko wa hewa juu ya bamba ulipochafukia, yaani ulipoacha utulivu ukaanza kuvurugika, ila ni chache mno zinazosema hewa ilikuwaje kabla ya kuligusa bamba. Hapo ndipo ninapowasihi mrudi.

Tabaka la mpaka, ule utando mwembamba wa hewa unaocheleweshwa na mnato (msuguano wa hewa yenyewe kwa yenyewe) kwenye uso wa bamba, hupokea mitikisiko kutoka nje: kelele za feni, mtetemo wa bamba, msukosuko wa hewa inayoingia. Wanasayansi wa Kijerumani, Tollmien mwaka 1929, kisha Schlichting mwaka 1933, walikokotoa kwamba baadhi ya mitikisiko hiyo hugeuka mawimbi yanayokua kadiri yanavyosafiri. Na mnato, ambao tungetaraji uyatulize, ndio unaoyawezesha kunyonya nguvu ya mkondo. Wengi hawakusadiki, maana kwenye mahandaki ya upepo, yale mapito ambamo feni husukuma hewa ili ipimwe, hakuna aliyeyaona. Miaka ya 1940 huko Marekani, watafiti Schubauer na Skramstad waliituliza hewa kwanza, msukosuko wake ukashuka chini ya asilimia 0.1 ya kasi ya mkondo. Wakatetemesha utepe mwembamba wa metali karibu na bamba, na mawimbi yakakua au yakafifia karibu sawasawa na hesabu. Kumbe kelele za mahandaki ndizo zilizokuwa zikiyafunika.

Katika hewa tulivu wimbi hukua polepole. Likifika kiasi cha asilimia 1 ya kasi ya mkondo hupinda, huzaa vizingia, yaani vizunguko vidogo vya hewa, kisha madoa ya mchafuko huchipuka huku na huku, yakatanuka hadi yakaungana. Hewa inayoingia ikiwa na msukosuko mwingi, njia hiyo hurukwa: hutokea michirizi mirefu ya kasi na ya polepole, na mchafuko huja mapema.

Kuna bamba lililonisumbua siku nyingi. Mtiririko ulichafuka mapema, tena upande mmoja tu, kwa umbo la kabari. Nililaumu feni, nikalaumu hesabu. Mwishowe nikapapasa ukingo wa mbele kwa ncha ya kidole, nikakuta tone la gundi lililokauka, dogo kama punje ya mchanga. Lilikuwa pale pale kwenye ncha ya kabari.

Basi kabla hamjawasha feni, papaseni ukingo. Pimeni msukosuko wa hewa inayoingia, na tarakimu yake muiandike ukurasa wa kwanza. Ripoti isiyo nayo nitairudisha, hata kama michoro yake inapendeza.

Mzee wenu wa maabara