Mpwa wangu amempa mhusika wa gemu jina la marehemu mama yake. Nimwambie yatakayomkuta?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na kidogo, naishi Tanga na mke wangu na watoto wawili. Tangu mwaka jana tunaishi pia na mpwa wangu wa miaka 13. Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, alifariki kwa maradhi ya figo. Mtoto alikuwa bweni, mkoa mwingine. Tulizika siku hiyohiyo baada ya alasiri kama ilivyo desturi yetu, naye akafika kesho yake jioni, akakuta watu wamekaa mkekani wanasoma. Hakulia. Mpaka leo sijamwona akilia, wala hajawahi kuniomba nimpeleke kaburini.

Sasa jambo lenyewe, na usinicheke: ni la gemu.

Likizo hii nilimwekea kwenye simu yangu ya zamani Final Fantasy VII, gemu ya Kijapani iliyotolewa na kampuni ya Square mwaka 1997. Si ya mpira wala ya kukimbizana na magari. Ni hadithi ndefu unayoisoma huku unaicheza, ya kundi la watu wanaopambana na kampuni ya Shinra, inayonyonya uhai wa sayari na kuugeuza umeme. Kwa Kiingereza chake cha shule mtoto anaelewa sehemu kubwa, pasipoeleweka ananiuliza. Mle ndani kuna msichana anaitwa Aerith, muuza maua wa vitongoji vya maskini chini ya jiji la Midgar. Maua mengine anayaotesha ndani ya kanisa bovu, palipobomoka sakafu.

Gemu hii ina utaratibu wake: mhusika mkuu mpya akijiunga nawe, inakuletea kisanduku uandike jina unalotaka kumwita. Wengi tunaacha majina yaliyokuwemo. Mpwa wangu alipofika kwa Aerith alilifuta, akaandika jina la mama yake.

Niliona nilipompelekea chai. Jina la dada yangu lilikuwa pale kwenye kioo, kwa herufi nyeupe, na mbele yake mstari wa uhai umejaa. Amemweka safu ya nyuma ili maadui wasimuumize sana. Materia, yale mawe yanayompa mtu nguvu, mazuri yote kampa yeye. Wenzake wakizidiwa, huyo ndiye mwenye uwezo wa kuvumisha upepo ukaponya kundi zima, na mtoto hapo husema kwa sauti kabisa, "Subirini, mama anakuja."

Shangazi, kama huijui hadithi hii: Aerith anauawa. Amepiga magoti anaiombea sayari, adui aitwaye Sephiroth anashuka kutoka juu na upanga mrefu. Basi. Ile dawa ya Phoenix Down, ambayo gemu nzima inawainua walioanguka vitani, hapo haina kazi. Wachezaji dunia nzima walitafuta kwa miaka njia ya kumrudisha, haipo. Unalazimishwa kupigana papo hapo huku wimbo wake, uliotungwa na Nobuo Uematsu, haukatiki. Kisha Cloud, ambaye ndiye wewe mchezaji, anambeba mpaka kwenye maji na kumwachia azame.

Uzito wake naujua. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, na mtoto wa kiume mkubwa ni mimi. Nilipokea wageni, nikabeba jeneza, nikashuka kaburini, kila mtu akanisifu kwa kujikaza. Miezi kadhaa baadaye, nyumbani kwa rafiki yangu aliyekuwa na PlayStation, tukafika hapo pa Aerith. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja mbio kuuliza nani amekufa. Usiku ule nililala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu msiba. Baadaye sana nikasoma kwamba Hironobu Sakaguchi, mwasisi wa mfululizo huu, alifiwa na mama yake wakati wanatengeneza ile ya tatu, na ndiko lilikotoka wazo la uhai na unakokwenda, lililobeba hii ya saba. Nikasoma pia kwamba kifo cha Aerith walikifanya kiwe cha ghafla kwa makusudi, bila kuagana.

Lakini mimi hakuna mhusika niliyekuwa nimempa jina la baba.

Mke wangu anasema nimwambie mapema, aanze upya na jina jingine. Nitamwambia nini hasa? Kwamba mama atakufa tena? Mama yangu mzazi hataki hata mjadala: jina la marehemu halichezewi, futeni hilo dude. Akimsikia mtoto analitaja mbele ya simu, anashika Yasini. Sina ubavu wa kubishana naye, yule alikuwa binti yake. Rafiki yangu yule wa zamani anasema nimwache, mbona wewe ilikusaidia. Ni rahisi kwake kusema, mtoto haishi nyumbani kwake. Nimefikiria hata kumhamishia kwenye toleo jipya la 2020, ambalo hadithi yake inaishia wanapotoka Midgar na Aerith yu mzima, ila mashine yake bei siiwezi, na mwendelezo wa 2024 unampeleka palepale.

Juzi alifika Cosmo Canyon, ambako mzee Bugenhagen anawaeleza kwamba uhai wa waliokufa unarudi kwenye sayari. Akanigeuzia simu: "Mjomba, kwa hiyo wakifa hawaendi mbali?" Nikamwambia sisi tuna mafundisho yetu, hii ni hadithi. Akasema, "Najua," akaendelea kucheza.

Kinachonikosesha raha ni kwamba maziko ya mama yake hakuyaona. Haya atayaona, na jina litakuwa lilelile. Kuna saa nasema hicho ndicho alichokikosa. Kuna saa nasema ni ukatili, na mtu mzima ninayejua nimekaa kimya tu. Nikimzuia sasa, sehemu ya mbele pia haioni, pale Cloud mwenyewe anapovunjika akawa wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, hajitambui, na Tifa, rafiki yake wa tangu utotoni, anakataa kumwacha mpaka akili inamrudia. Mimi sehemu hiyo ndiyo naipenda kuliko zote. Nikimwacha, huenda asifike huko, akazima simu palepale na kunyamaza zaidi ya sasa.

Naomba unishauri: nimwambie, nimzuie, au nimwache? Na kama ni kumwacha, siku hiyo nikae naye au nijifanye nina shughuli? Nimewaza pia nimpeleke kwanza makaburini, kabla hajafika huko. Hajaomba, na sijui kama mtoto wa umri wake jambo hilo huulizwa au hupelekwa tu. Shule inafunguliwa Januari, na kwa mwendo anaokwenda atafika kabla ya hapo. Ukiweza nijibu mapema.

Mjomba, Tanga