WITO WA HARAMBEE: WAYA WA MAZIZI KUMI

Ndugu wazazi, waumini wa misikiti na makanisa yetu, na ninyi wana wa kijiji mlioko Dodoma mjini na Dar es Salaam, salaam.

Kamati ya shule ya msingi na wafugaji wa vitongoji vilivyo jirani na Pori la Akiba Swagaswaga, wilayani Chemba, tunawaalika kwenye harambee ya kununua waya wa mazizi. Mtauliza shule inaingiaje kwenye habari za mazizi. Wanaolinda mbuzi usiku ni wanafunzi wa darasa la tano na la sita, na saa mbili asubuhi wamelalia madaftari.

Msumbufu mkubwa ni fisi. Zizi la miiba humzuia likiwa jipya. Miiba ikikauka anajipenyeza. Kukikucha unakuta tundu chini ya ua, halizidi mdomo wa ndoo, manyoya yamenasa kwenye mgunga, na mbuzi waliosalia wamejibana upande mmoja, hawatoki hata ukiwafungulia mlango.

Hasira za asubuhi kama hiyo zinatutisha kuliko fisi mwenyewe. Mwenye mali hupaka mzoga dawa ya wadudu wa shambani. Fisi anaweza kufa, lakini watakufa pia bweha, mbwa wa jirani na tumbusi, ndege anayetaga yai moja tu kwa msimu. Tumbusi wakiisha, nani atatusafishia mizoga malishoni? Kifuta machozi cha serikali, yaani malipo kwa aliyeuliwa mifugo na wanyamapori, kipo, kwa kanuni za 2011, ila hakifikii bei ya ng'ombe mnadani, na mwenye hasira hasubiri fomu.

Kwa hiyo tumeamua kuzungushia waya. Unafukiwa futi moja ardhini ili fisi akichimba akutane nao, na nguzo zake ni miti inayochipua, isiyoliwa na mchwa. Wafugaji wa Simanjiro wametumia waya na miti hai kwa miaka mingi. Chui anaweza kuuruka, hatuwafichi. Kwake tutaendelea kuwasha taa na kufuga mbwa.

Zizi moja linahitaji roli sita, kila roli shilingi 130,000. Mazizi kumi ni 7,800,000, na usafiri 400,000. Mkononi tuna 2,350,000. Nguzo na kazi ya kuchimba ni juu ya kila kaya, na familia iliyowahi kutega sumu haipati waya mpaka iahidi kuacha mbele ya mkutano wa kijiji. Wapo walioona sharti hili ni kali. Sisi tunaona ni la haki.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, uwanja wa shule, kabla mvua hazijafunga barabara. Fedha taslimu, ahadi, gunia la alizeti, kuku, vyote vinapokelewa na vitaandikiwa risiti; mahesabu yatabandikwa ofisi ya kijiji. Mbuzi wa kunadi wafike kabla ya saa nne, na wanaotoka nje ya kijiji waje na kibali cha mifugo.