Ubao wa habari ndio moyo wa mchezo

Mhariri,

Kikundi kinachotaka kuigiza Oh, What a Lovely War!, mchezo wa nyimbo unaokejeli Vita vya Kwanza vya Dunia, kisianze na nyimbo, kianze na ubao wa habari. Mwongozaji Joan Littlewood na kikundi chake cha Theatre Workshop walipoutoa mchezo huo London mwaka 1963, waigizaji walivaa mavazi meupe ya wachekeshaji wa ufukweni, wakiongeza kofia au mkanda tu wanapogeuka askari. Juu ya vichwa vyao ubao huo wa habari, wenye taa, ulitembeza idadi ya walioangamia. Takwimu zipite huku wimbo wa furaha ukiwa bado unaimbwa. Zikisubiri wimbo uishe, watazamaji wataomboleza tu, na ule mgongano unaowatia hasira umepotea. Herufi zisomeke kutoka kiti cha mwisho, na taa za jukwaa zisiumulike ubao.

Filamu ya mchezo huu iliyoongozwa na Richard Attenborough mwaka 1969 iliihamishia vita kwenye gati la Brighton, mji wa ufukweni Uingereza, vifo vikihesabiwa kama mabao ya kriketi. Ni kazi kubwa, ingawa kwa maoni yangu nyota wake wengi wanaiba macho. Mwishoni kamera inapaa hadi misalaba myeupe inajaza kilima kizima. Jukwaani msiiige kwa misalaba ya maboksi, ubao unatosha.

Mpenzi wa tamthilia,
Dar es Salaam