Kinachotumaliza ni kopo la Mangi

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hii habari ya "bora ununue kwa mama ntilie kuliko kuwasha jiko" imekuwa wimbo hapa Dar, kila daladala unayopanda lazima umkute mtu anaisema. Mimi nyumbani tuko saba na napika kila siku, chapati nakanda mwenyewe, nazi nakuna mwenyewe, na sikubaliani kabisa. Bei zimepanda ndio, hakuna anayebisha, ila kinachotumaliza zaidi ni namna tunavyonunua, mafuta ya jero, yaani ya shilingi 500, sukari robo, kopo la mkaa, fungu la nyanya, halafu kesho asubuhi mtoto anatumwa tena dukani kuanza upya.

Hebu piga hesabu mwenyewe. Tuseme lita ya mafuta ya kula ni 5,000, ina maana ya jero ingetakiwa iwe mililita 100, sasa nenda na chupa yako yenye alama umwambie Mangi, mwenye duka la mtaani, akumiminie humo uone kama zinafika, na uone atakavyokuangalia. Na kopo la kupimia mchele ligeuze uangalie kitako, mengine yamebonyezwa kwa ndani mpaka kina kimepungua, unaona limejaa mpaka juu kumbe umenunua hewa. Mkulima kule shambani analia na lumbesa, gunia linashonewa kilemba juu anatoa mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja, na mimi huku mjini naumizwa na kopo, yaani huyo huyo mchele mmoja unaibiwa mara mbili njiani.

Wataniambia wewe una hela ya kununua gunia. Sina! Hapa tunapoishi ni nyumba ya kupanga, wanaume wengi ni bodaboda na vibarua, hela inaingia leo inaliwa leo. Tulichofanya akina mama ni upatu, ila badala ya kupeana hela tunanunua chakula. Kila mtu anaweka kidogo kidogo kwa mmoja wetu, na wakati mchele mpya unashuka kutoka Mbeya na Shinyanga wawili wanaenda soko la Tandale wanachukua gunia, maharage hivyo hivyo, tunalipa bajaji pamoja, tukifika tunagawana kwa mizani ya kuning'iniza, hakuna cha kopo. Kelele zipo, kuna aliyechukua mgao wake akaenda kuuza ili alipe kodi ya chumba, sasa hapo utamfanyaje, njaa na mwenye nyumba wote wanagonga mlango mmoja. Maharage yanaanikwa kwanza juani, yakikauka vizuri na kupoa unayajaza kwenye dumu kavu mpaka shingoni unafunga kifuniko kukaza, mdudu aliyebaki ndani anakosa hewa anakufa.

Unga nao ni hivyo. Ukinunua sembe ya mfuko unalipia kukoboa, unalipia mfuko wenyewe na tangazo lake, na pumba zimebaki kiwandani. Nunua mahindi debe, pepeta, peleka mashine usage dona, hakuna kinachopotea na linashibisha kuliko sembe. Shida yake haliweki muda mrefu kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, linachacha, kwahiyo saga la wiki mbili tu mahindi mengine yakae. Watoto wangu walinuna, nikaanza kuwachanganyia nusu kwa nusu na sembe, sasa hivi hata hawaulizi.

Halafu anayesema maharage yanamaliza mkaa huyo hajaloweka. Loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji weka mengine, yataiva mapema sana. Na usichemshe ya siku moja, chemsha mengi kwa moto mmoja, kama kuna friji gawa kwenye makopo ya siku, kama hakuna basi mpikie na jirani leo na yeye akupikie keshokutwa, sisi ndo tunavyofanya. Siku ya kuunga unachukua kopo lako, kitunguu, nyanya, tui jepesi litangulie lichemke nayo, tui zito mwishoni kabisa, dakika chache umemaliza. Nyanya zikishuka bei tunachangia tenga, tunazisaga na kuzichemsha mpaka maji yakauke, zinakaa kwenye friza ya jirani. Samaki wa Feri, pale soko la samaki, sisi tunafuata vichwa, mchuzi wake na ugali ni chakula cha mfalme na hela haifikii hata robo ya samaki mzima.

Serikali imesema mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, sawa, jambo zuri, ila mama anayenunua mkaa kwa kopo anashindwa gesi kwa sababu hela ya kujaza mtungi inatakiwa yote kwa mpigo, ni ule ule ugonjwa wa kupima. Sisi upatu unaofuata ni wa mitungi ya kilo sita.

Wakala wa Vipimo huwa tunawasikia kwenye lumbesa, nawaomba na huku mitaani wapite, waingie madukani wageuze hayo makopo. Na wewe mhariri, bei za mazao zinazotoka kwenye magazeti ni za gunia la kilo 100 la jumla, mimi wa Mbagala zinanisaidia nini? Tuwekeeni hata mara moja kwa wiki bei ya kilo moja ya mchele, maharage na unga pale Tandale, Mabibo na Temeke Sterio, tujue tukienda sokoni tunaanzia wapi kubishana.

Mama wa watoto watano,
Mbagala, Dar es Salaam