Viraka vya Chile havikuwa vya kujiliwaza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala ya Jumapili iliyopita kuhusu wasanii waliompinga Jenerali Augusto Pinochet huko Chile. Mwandishi ametutajia washairi, wanamuziki na wachoraji, kila mmoja na aya yake. Ilipofika zamu ya wanawake walioshona picha za vitambaa, wakapewa sentensi moja, kwamba walikuwa akina mama waliojiliwaza kwa kazi za mikono. Hapo ndipo nilipoliweka gazeti chini nikatafuta kalamu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, huu mwaka wa 26. Chuo cha sanaa sijakiona hata mlango. Lakini kiraka nakijua, na najua kuna mtu anayeshona ili kupitisha jioni, na kuna mtu anayeshona huku akisikiliza gari gani limesimama nje.

Picha zenyewe huitwa arpillera, neno la Kihispania la kitambaa cha gunia, kwa sababu zilishonwa juu ya gunia au mfuko wa unga wa ngano. Juu yake wanawake walishonea kwa mkono vipande vya nguo kuukuu: milima ya Andes kwa nyuma, jua, vibanda, kisha vidoli vidogo vilivyotuna, vyenye nywele za uzi. Pindo lilikuwa la sufu ya kufuma, mtu angedhani ni kitambaa cha kochi. Ukiitazama kwa mbali utasema ni pambo la chumba cha mtoto. Sogea karibu sasa. Kidoli kile kimeshika picha ya mtu, na chini yake pametariziwa maneno “Wako wapi?” Kile kingine kinaburutwa kuingizwa garini. Wale waliojipanga mbele ya sufuria kubwa wanangoja chakula cha pamoja, maana kiwanda kimefungwa na hakuna kazi.

Baadhi ya vipande hivyo vilikatwa kwenye nguo za watu waliotoweshwa. Mimi nimewahi kuletewa shati la marehemu nilipunguze livaliwe na mwanawe, na mkasi ulinishinda nusu saa nzima. Hao walikuwa wanakata nguo ya mtu ambaye hawakujua kama ni marehemu.

Ndugu mwandishi aliandika vizuri kuhusu mapinduzi ya Septemba 11, 1973, yaliyomweka Pinochet madarakani, sitayarudia. Niongeze tu kwamba katika utawala ule, uliodumu hadi Machi 1990, zaidi ya watu 3,000 waliuawa au kutoweshwa. Wanawake walikutana kwenye foleni za magereza, vituo vya polisi na chumba cha maiti, kila mmoja na jina la mtu wake mdomoni, wakijibiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Makanisa yaliunda kamati ya kuwasaidia tangu Oktoba 1973. Pinochet alishinikiza hadi ikafungwa mwishoni mwa 1975, na Januari 1976 Kardinali Raúl Silva Henríquez akafungua ofisi nyingine chini ya mbawa za Kanisa Katoliki, Vicaría de la Solidaridad. Ilikuwa vigumu zaidi kwa jenerali aliyejitangaza mtetezi wa Ukristo kuifunga hiyo. Kwenye kumbi za parokia wanawake wakakaa na sindano zao. Kazi zikanunuliwa na Vicaría, zikapelekwa nje ya nchi, zikauzwa na Wachile walio uhamishoni na marafiki zao. Fedha zikarudi zikawa mkate. Picha nazo zilibaki ukutani Ulaya na Marekani zikieleza yale ambayo magazeti ya Santiago hayakuruhusiwa kuandika.

Mhariri, zilipitaje? Askari wale walikuwa wakichoma vitabu barabarani. Mshairi alifuatiliwa, mwimbaji aliuawa, mchoraji alijulikana anapoishi. Lakini mwanamke wa mtaa wa mabanda, mwenye kikapu cha vitambaa na uzi, nani angemsimamisha? Kwa miaka ya mwanzo hawakumwona kabisa. Waliamini kile kile alichoandika ndugu yetu Jumapili, kwamba ni akina mama, wanajiliwaza. Dharau hiyo ndiyo iliyokuwa pasipoti ya zile picha. Wanawake wale waliijua na waliitumia. Sasa, baada ya miaka hamsini, inakuwaje sisi ambao hatuna sababu ya kudanganyika tuwatazame kwa macho ya yule askari wa forodhani?

Tena askari mwenyewe hatimaye alifunguka macho. Magazeti yaliyounga mkono serikali yalianza kuziita kazi hizo kashfa dhidi ya taifa. Mwaka 1977 jumba moja la sanaa mjini Santiago lililokuwa limezionyesha lilichomwa moto. Petroli haipotezwi kwa kitambaa cha kochi.

Kuhusu “kujiliwaza”, sikatai kwamba walilia wakishona. Nani asingelia? Lakini walikuwa kikundi. Walijadiliana mada, wakaambiana kazi hii haijakaa sawa, rudi uifumue. Mwishoni mwa 1978 miili ya wakulima 15 ilipopatikana ndani ya tanuri za chokaa huko Lonquén, tanuri hizo zilishonwa kwenye gunia. Mwaka 1979 wanawake walipojifunga minyororo kwenye uzio wa jengo la bunge lililofungwa, nayo ikashonwa. Na Machi 8, 1978, katika ukumbi wa Caupolicán, walipanda jukwaani kucheza cueca, ngoma ya taifa, ambayo huchezwa na mwanamume na mwanamke wakizungukana na leso mkononi. Wao walicheza peke yao. Kila mmoja alizunguka pale ambapo mwenzake angekuwa. Mimi sijui uigizaji unaoshinda huo, na haukuhitaji kibali cha maneno kwa sababu hapakuwa na neno la kufuta.

Nisijifanye kwamba wote walijiita watetezi wa haki za wanawake. Wengi hawakujiita hivyo, na baadhi walikasirika wakiitwa hivyo. Walikuwa wanatafuta mume au mtoto, basi. Lakini jambo hilo lina mwendo wake. Mwanamke ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano anaanza kutoka kila wiki. Mume, kama yupo, ananung'unika. Anagombana naye, anatoka. Anashika fedha aliyoichuma mwenyewe. Wakati huo huo wasomi kama Julieta Kirkwood walikuwa wakisema mjini wanataka demokrasia nchini na nyumbani. Maneno hayo na vile viraka vilitoka mitaa tofauti, na havikupatana kila siku, lakini vilikutana.

Kwa mfano msanii Lotty Rosenfeld, ambaye makala haikumtaja hata kwa bahati mbaya. Desemba 1979 alishuka kwenye barabara ya Manquehue mjini Santiago na utepe mweupe, akaukatiza kwenye ile mistari ya kugawa njia, mmoja baada ya mwingine, kila mstari ukawa msalaba. Au alama ya kujumlisha, kama ndivyo unavyotaka kuiona. Kazi hiyo ilikuwa ya kuharibu amri moja ndogo, kwamba gari lipite hapa na lisipite pale. Mwaka 1983, yeye na wenzake wa CADA, kikundi cha wasanii, walianza kuandika usiku kwenye kuta “NO +”, yaani “basi tena”, wakaacha nafasi wapita njia wamalizie wenyewe. Wapita njia wakamalizia: basi mateso, basi njaa. Mwishoni mwa mwaka huo huo kikaundwa kikundi cha Mujeres por la Vida, Wanawake kwa Ajili ya Uhai, kilichojaza ukumbi ule ule wa Caupolicán kwa wanawake wa vyama vilivyokuwa haviamkiani. Kabla ya kura ya Oktoba 5, 1988, ya kuamua kama Pinochet aendelee kutawala, ambayo alishindwa, ndio waliosimamisha mitaani maumbo meusi yenye kimo cha binadamu na majina ya waliotoweshwa, yakiwauliza wapita njia kama wameyasahau.

Na hili la kitambaa kusema, Mhariri, sisi tulitakiwa kulielewa kabla ya wengine. Hapa kwetu mtu ananunua kanga kwa jina lake, anaivaa anapita mbele ya mlango wa jirani, na jirani anaingia ndani kufunga dirisha. Hakuna aliyefungua mdomo. Sisemi kanga ya umbea ni sawa na gunia la Lonquén, la hasha. Nasema msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba nguo inasomwa.

Ombi langu ni dogo. Mkirudi kwenye habari hii, mtafuteni mtu aiandike kama alivyoandika kuhusu washairi: mishono, vitambaa, nani alikaa wapi kwenye picha na kwa nini. Jumba la Makumbusho ya Kumbukumbu na Haki za Binadamu la Santiago, lililofunguliwa 2010, linazo nyingi. Mchapishe moja kubwa, si ile ya ukubwa wa stempu mliyoiweka pembeni ya tangazo.

Na maelezo ya picha yarekebishwe. Mliandika “msanii hajulikani”. Alikuwa anajulikana vizuri sana na wenzake waliokaa naye benchi moja. Hakutia sahihi kwa sababu sahihi ingempeleka alikopelekwa mumewe.

Msomaji wako,
Fundi cherehani,
Morogoro