Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Baraza kwa Mkutano Mkuu wa Washirika

Mchungaji wetu, mashemasi, viongozi wa idara na washirika wote, Bwana Yesu asifiwe.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini baada yangu, na taarifa za idara mmeshagawiwa mlangoni, kwa hiyo hayo sitayagusa. Baraza limeniomba nieleze tulikotoka, kwa sababu leo tuna jambo zito la kuamua, na wengi mlioketi hapa mlilikuta kanisa hili tayari lina bati juu.

Dodoma haikuwa shamba la Wabaptisti. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walikuja Tanganyika mwaka 1956, kazi yao ikashika zaidi Dar es Salaam na Mbeya, na chuo cha wachungaji kikawekwa Arusha. Ndiyo maana waanzilishi wetu karibu wote walikuwa watu wa kuja: mwalimu kutoka Rungwe, mfanyakazi wa reli kutoka Kigoma, na wake zao, ambao kwa kweli ndio waliolibeba kanisa. Walianzia sebuleni, wakaenda kwenye darasa la shule ya msingi. Jumapili asubuhi walipanga madawati, mchana wakayarudisha yalivyokuwa na kufuta ubao. Wa kwanza kujiunga kutoka mtaani alikuwa mama muuza ubuyu, ambaye alianza kwa kuuliza kwa nini watu hawa hawabatizi watoto.

Swali lake hatujaacha kulijibu. Wageni wetu wengi walibatizwa uchangani huko Mvumi, Kongwa au Chamwino, na wapo wazee wanaosema, "Mimi nilishabatizwa, mnataka nini tena?" Mwaka huu darasa la ubatizo lilirefushwa kwa sababu hiyo. Msimamo wetu haujabadilika: anayebatizwa ni yule aliyeamini mwenyewe, na anazamishwa katika maji mengi. Lakini nawasihi walimu wa darasa: mzee aliyemcha Mungu miaka yote hiyo asiambiwe kana kwamba alikuwa mpagani. Aelezwe, aachiwe nafasi, aamue.

Maji mengi, na Dodoma hii! Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na baada ya hapo ni vumbi na upepo. Miaka ya mwanzo wabatizwa walisubiri mvua ijaze bwawa la ng'ombe, wakaingia mpaka kiunoni kwenye tope huku wachungaji wa mifugo wakiangalia kwa mshangao. Baadaye mafundi wetu wakajenga kisima cha ubatizo nyuma ya madhabahu, kwa bloku na lipu ya saruji. Kilivuja. Mwaka huu kimepigwa lipu upya, ngazi zimewekewa bomba la kushikia, na mara ya kwanza tulipokijaza kwa boza la maji, mashemasi walikaa usiku kucha na tochi wakichungulia kama ukuta unatoka jasho. Haukutoka. Maji yale hayakumwagwa: Jumatatu kina mama waliyachota kwa ndoo kumwagilia miche ya miarobaini uani, na yaliyobaki yakachanganyia zege la vyoo vipya. Waliolalamikia gharama ya boza nadhani wameona.

Kuhusu kukua. Jiji letu lilihesabiwa watu 410,956 mwaka 2012, na 765,179 katika sensa ya 2022. Katikati hapo, mwaka 2016, ulitoka uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma kwa vitendo, jambo lililokuwa likisemwa tangu 1973. Wabaptisti wa Dar es Salaam na Mbeya wakaja na barua za uhamisho, wakatafuta kanisa lao, wakatukuta. Sikatai baraka hiyo, ila tusijidanganye kwamba ni matunda ya uinjilisti wetu. Mtu aliyehamia na cheti chake cha ushirika hajaongoka kwa mahubiri yetu. Wanafunzi wa vyuo nao wakifunga, kwaya ya vijana hubaki na kinanda na mpigaji.

Kuna waliopendekeza kwaya ya kina mama iache nyimbo za Kigogo na ngoma ya muheme ili ibada "iende na hadhi ya makao makuu". Mliijadili kwenye mkutano wa katikati ya mwaka, mkaikataa. Mlifanya vyema. Wanaoipiga ni mama zetu waliokuwepo wakati wa madawati.

Vijana walipouliza asili yetu, walifundishwa habari za John Smyth na Thomas Helwys, Waingereza waliokimbilia Amsterdam na kuanzisha kanisa mwaka 1609. Helwys akarudi London, akamwandikia mfalme kwamba hana mamlaka juu ya roho za watu, akafungwa mpaka mauti. Kutoka huko ndiko tulikopata desturi ya mambo ya kanisa kuamuliwa na washirika wenyewe. Baraza linapendekeza tu.

Kiwanja bado kinasomeka kwa majina ya washirika wawili waliokinunua kwa niaba yetu. Wao wenyewe ndio walioomba kiandikishwe kwa bodi ya wadhamini, maana wameona makanisa mengine yakivutana na warithi mahakamani. Faili limeshafunguliwa.

Sasa jambo la leo. Jengo limejaa. Kamati ya ujenzi inataka tubomoe ukuta wa magharibi na kurefusha ukumbi. Michoro ipo mbele. Pendekezo la pili ni kufungua tawi upande wa Ihumwa na Mtumba, ambako familia kadhaa hupanda daladala mbili kuja hapa, na Jumapili yenye meza ya Bwana hufika kwao giza limeingia. Mimi nipo upande wa tawi. Ukumbi mrefu utatupa viti. Tawi litatulazimisha kutoa walimu, mashemasi na fedha, na kuanza tena sebuleni kwa mtu. Familia mbili zimeshatoa nyumba zao kwa ibada za katikati ya wiki, na mchungaji amekubali kwenda huko Jumapili ya tatu ya kila mwezi.

Hayo ni maoni yangu, na kura yangu ni moja. Mashemasi watagawa karatasi kwa washirika waliobatizwa tu. Wageni na watoto wa Shule ya Jumapili watatusubiri nje, chai iko tayari. Kabla ya kura, kamati ya ujenzi ina nafasi ya kutetea ukuta wake.