Sindano ya titi isichomwe kwa kukisia

Mhariri,

Kila Oktoba tunavaa riboni za waridi na kuwahimiza wanawake wajipapase matiti. Vyema. Ila akishapata uvimbe, kinachofuata hatumwelezi. Anasikia “utakatwa kipande cha nyama”, jirani anaongeza kwamba chuma kikigusa saratani inatapakaa (si kweli), na hospitali haimwoni tena.

Ili kujua kama uvimbe ni saratani, mara nyingi kisu hakihitajiki kabisa. Daktari hupitisha kipimo cha ultrasaundi juu ya titi, akauona uvimbe kwenye skrini, akachoma ganzi, kisha akaingiza sindano nene huku akiitazama ikisogea kama mstari mweupe hadi kwenye uvimbe wenyewe. Sindano hiyo ina springi. Ikifyatuliwa hulia “ta!”, na mgonjwa aambiwe mapema, maana mlio humshtua. Hutoka na kipande chembamba cha nyama. Zoezi hurudiwa mara kadhaa, kisha mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kinachonikera ni kuchoma kwa kukisia kwa vidole wakati mashine ipo chumba cha pili. Sindano ikipita kando, maabara itapima nyama isiyo na ugonjwa na kuandika “hakuna saratani”. Mgonjwa atashukuru Mungu na kukaa nyumbani, ugonjwa ukiendelea. Hata ile sindano nyembamba ya kufyonza chembe haitoshi: kipande ndicho kinachopimwa vizuri vipokezi vya homoni na HER2 (protini iliyo juu ya chembe za saratani), na hivyo ndivyo vinavyoamua dawa.

Ni kweli ultrasaundi haioni kila kitu. Vipunje vya kalsiamu visivyoshikika huonekana kwenye mamografia, yaani eksirei ya matiti. Huko titi hubanwa, picha hupigwa kwa pembe tofauti, na kompyuta hukokotoa sindano iende kina gani. Mashine hizo ni chache nchini. Lakini wengi wa wagonjwa wetu hufika na uvimbe unaoshikika kwa mkono, na kwa hao mashine ile ile ya ultrasaundi ya wajawazito, ikiwekewa kipimo cha kutazama sehemu za juu juu, inatosha kuanzia.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaka uchunguzi wa saratani ya matiti ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Sasa kwa nini mama wa Nachingwea asafiri hadi Dar es Salaam kuchomwa sindano? Wizara iwafundishe madaktari wa wilaya, iwape sindano hizo na fomalini ya kuhifadhia nyama, na kinachosafirishwa kiwe kile kipande.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro